Shajara ya taa za rangi hapa Dunga: shemeji alitaka bluu

Naandika hii juu watu watatu washaniuliza zile taa za kwa dada yangu nilifanyaje na kila mmoja nimemwelezea kivyake hadi nimechoka. Mahali penyewe ni bustani kando ya ziwa, karibu na Dunga hapa Kisumu, dada na mumewe wanauza samaki, kuna meza chini ya miti, kaunta, na banda moja la nyasi upande wa maji. Shemeji alitaka taa za kubadilisha rangi na simu, zijiwashe jioni zenyewe na zijizime usiku. Akanipa 15,000 akasema ikizidi nijijue. Imezidi, na nitaandika kila mahali ilizidia.

Jumamosi, 8 Februari 2025: kununua

Kitu cha kwanza ni kuchagua volti. Mikanda ya LED yenye kila taa inajitegemea rangi iko ya 5V na ya 12V. Ile ya 5V, WS2812B, ndio kila mtu kwa video anatumia, lakini piga hesabu: mita 5 ina taa 300, kila taa ikiwa nyeupe kabisa inakula kama miliampea 60, hiyo ni ampea 18 kwa mkanda mmoja. Waya ya kubeba ampea 18 kwa 5V bustanini hata sijui ningeibeba na nini. Nikachukua WS2811 ya 12V, mita 5 mara mbili, iliyoandikwa IP65, yaani eti inazuia vumbi na maji ya kurushwa. Ubaya wake ni taa zinaenda tatu tatu, huwezi kuwasha moja peke yake, lakini ukiwa unakula samaki mita 4 kutoka hapo nani atahesabu.

Nimeagiza Luthuli, Nairobi, ikaja na parseli ya basi. Mikanda miwili 5,600, pawa saplai ya 12V ampea 30 ni 2,600, bodi ya ESP32, kile kikompyuta kidogo cha kuendesha taa, ni 950, kile kidude cha kushusha 12V iwe 5V ya kulisha bodi 250, waya ya milimita mraba 1.5 mita 20 kwa 1,400, silikoni 350, usafiri 300. Jumla 11,450. Hapo nilikua najiona mjanja.

Jumatano, 12 Februari: mezani, kabla ya kupanda ngazi

Nashukuru nilijaribu kwa meza kwanza. Programu ya kuongoza taa kwa simu ni WLED, ya bure. Unafungua install.wled.me kwa Chrome ya kompyuta, unachomeka bodi, inajiweka yenyewe kwa dakika mbili. Kama kompyuta haioni bodi, badilisha waya ya USB kabla hujalia, nyingi ni za kuchaji tu hazipitishi data, nilipoteza saa nzima hapo. Ikishaingia bodi inatoa waifai yake inaitwa WLED-AP, nywila ni wled1234, unaingia 4.3.2.1 unaiunganisha na ruta ya nyumbani. Ruta iwe inatoa 2.4GHz, ESP32 haioni 5GHz kabisa.

Kosa la kwanza la pesa: kile kidude cha kushusha volti kina kiskrubu cha kurekebisha na hakiji kikiwa kimewekwa 5V, kinakuja vile kimeamka. Sikupima. Nikaunganisha, bodi ikatoa harufu, kwisha. 950 nyingine. Pima na maltimita, zungusha skrubu hadi 5V, ndio uguse bodi.

Bodi ya pili, taa zikawaka kidogo mwanzoni mwa mkanda tu tena hafifu. Hiyo si ugonjwa. WLED inaanza ikidhani una taa 30, na imejiwekea kikomo cha miliampea 850. Nikaweka 300 juu mkanda una taa 300, sasa rangi ikawa inakimbia hadi mwisho inapotea inakaa sana ndio irudi. Kumbe kwa huu wa 12V kila tatu zinahesabiwa moja, kwa hivyo ni 100. Zile zingine 200 rangi ilikua inatembea hewani.

Alafu hii. Shemeji ni Ingwe damu, yaani AFC Leopards, timu ya bluu, mimi ni K'Ogalo, yaani Gor Mahia, timu ya kijani. Kaja kuangalia, kasema niweke bluu. Nikabonyeza bluu. Ikawaka kijani kibichi cha Gor, meza nzima. Akaniangalia. "Shemeji, hii ni nini unanifanyia?" Nikaapa sijafanya kitu, nikabonyeza kijani kumwonyesha, ikatoka bluu. Hakuamini hadi leo. Sababu ni kwamba WLED inatuma rangi kwa mpango wa GRB (kijani, nyekundu, bluu) na huu mkanda umepangwa BRG (bluu, nyekundu, kijani), kwa hivyo nyekundu inatoka sawa lakini bluu na kijani zinabadilishana viti. Kuna mahali pa kuchagua mpango wa rangi kwenye mipangilio ya LED, ni kubadilisha tu. Niliibadilisha baada ya yeye kuondoka.

Jumla sasa 12,400.

Jumamosi, 15 Februari: kufunga, na kushindwa

Mkanda wa kwanza chini ya ukingo wa kaunta, wa pili kuzunguka banda. Katikati ni mita 18. Nilipitisha waya ya moto, ya negativu na ya data, ile inayobeba amri za rangi, zote tatu kwa paipu moja ya PVC chini ya nyasi. Kuchimba, kufunga klipu, hiyo ni kazi ya kijana mmoja na nusu siku, sina cha kusema.

Jioni tukawasha. Kaunta iko safi. Banda ni maajabu: nyeupe imekua rangi ya chai ya maziwa, na mkanda wote unapepesa kama una malaria.

Hizo ni shida mbili tofauti na mimi nilizitibu kama moja, ndio maana nilipoteza wikendi. Ya kwanza ni volti. Waya ya 1.5 ina upinzani kama omu 0.012 kwa mita, kwenda na kurudi ni mita 36, hiyo ni kama omu 0.43. Ukipitisha ampea 5 unapoteza volti 2 na kitu njiani. Nilipima pale banda nikapata 9.7V badala ya 12. Na kwa mkanda wa 12V taa tatu zimefuatana, bluu inataka kama volti 3 na zaidi kila moja, kwa hivyo chini ya volti 10 bluu ndio inaanza kukata roho, nyekundu bado iko sawa juu yenyewe inataka 2 tu. Ndio maana nyeupe inageuka chai. Ukiona hivyo usinunue mkanda mwingine, shida iko kwa waya.

Ya pili ni data. ESP32 inatoa ishara ya 3.3V na mkanda ulizoea 5V. Kwa nusu mita inakubali. Kwa mita 18 ikilala kando ya waya ya umeme, inafika huko imechoka, mkanda unasikia vitu ambavyo hajaambiwa. Nikatafuta ile chipu ya kupandisha ishara, 74AHCT125, nikaweka na rezista ya omu 330 mbele yake. Ikapunguza kupepesa lakini haikuisha.

Jumamosi, 22 Februari: kutibu

Nimeng'oa waya ya data. Mita 18 zote. Badala ya kupeleka ishara na waya nimeweka ESP32 ya pili pale banda na pawa saplai yake ndogo ya ampea 10, juu banda tayari lilikua na soketi ya friji. Bodi mbili zinaongea kwa waifai: ya kaunta unaiwekea alama ya kutuma kwenye ukurasa wa Sync wa WLED, ya banda alama ya kupokea, zikiwa ruta moja basi ukibadilisha rangi huku na kule inabadilika. Hakuna kuchelewa unakoweza kuona na macho. Hii ningeifanya siku ya kwanza ningeokoa paipu, waya na mgongo wa yule kijana.

Kama wewe unatumia bodi moja na pawa saplai mbili, kumbuka negativu zote ziungane na positivu zisiungane. Nilisahau hiyo Jumapili nikijaribu, mkanda ukacheza disko peke yake bila amri ya mtu.

Kitu kingine ambacho hakina mzaha: hapa ni nje, kuna maji, kuna watoto wanapita miguu mitupu. 12V haiuwi mtu lakini 240V inayoingia kwa pawa saplai inaua. Nilimwita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, akaweka RCD, ile swichi inayokata stima ikianza kuvuja, kwa laini ya bustani na akahakikisha mwili wa chuma wa kila pawa saplai umeshikwa na waya ya ethi. RCD na kazi yake 3,200. Pawa saplai ya pili 1,300, bodi 950, cha kushusha volti 250 (nikapima!), maboksi mawili 900, glandi za kupitishia waya 200. Jumla 19,200. Shemeji nimemwambia nimemaliza pesa, akacheka.

Jumanne, 25 Februari: saa

WLED inaweza kujua jua linazama saa ngapi kama umeipa mahali ulipo. Kisumu ni 0.09 S na 34.75 E, saa weka sekunde 10800 mbele ya UTC. Nikaweka, nikaenda nyumbani. Saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili, dada ananiambia giza tupu. Wakawasha na simu, wakafunga, wakazima. Saa tano na nusu na kitu usiku soja ananipigia, sauti ya chini kabisa, "Boss, hizi taa zimejiwasha na hakuna mtu."

Nilichagua W badala ya E. Kwa hivyo bodi iliamini iko katikati ya bahari ya Atlantiki na jua kule lilizama saa nne na dakika 38 baada ya letu. Kosa la S na N hapa ikweta hata usingelijua, lakini hilo la W linaonekana.

Siku mbili baadaye stima ikapotea mchana, ikarudi saa nane, taa zote zikawaka jua likiwa kali. Kuna alama ya kuwasha taa baada ya kupata umeme, itoe. Na kinyume chake: stima ikiwa imepotea dakika ile ile ya machweo, ile amri inapita na hairudiwi, mtakaa gizani mkishangaa. Nimeongeza amri zingine za kuwasha za saa moja na nusu, saa mbili, na saa tatu. Kama zimeshawaka hazidhuriki.

Jumapili, 2 Machi: wadudu

Usiku rasmi wa kwanza ulikua jana. Shemeji alialika watu. Mimi nilishaweka bluu, bluu ya ukweli safari hii, bustani nzima, na nakubali ilipendeza, maji yakawa yanang'aa huko nyuma.

Mwezi umeandama juzi tu. Mtu wa hapa ziwani ashajua naelekea wapi. Wale wadudu wa ziwa huwa wanapanda kutoka kwa maji wakati kama huu, wengi hadi kwa mbali unaona kama moshi umesimama juu ya ziwa. Hawaumi, lakini wanapenda taa. Saa mbili kasoro walianza kuingia banda. Saa mbili na nusu ule mkanda wa banda hauonekani, unaona tu kitu kinachotambaa kina mwanga bluu chini yake. Wanaanguka kwa ugali, kwa soda, kwa nywele za wamama. Mzee mmoja alifunika samaki wake na gazeti akaendelea kula kwa kuingiza mkono chini. Dada alizima kila kitu, watu wakamalizia na tochi za simu.

Leo nimejaribu vizuri, rangi moja kila robo saa, taa za mbele tu. Bluu na nyeupe ni mwaliko. Kijani inaita kiasi. Nyekundu karibu haiiti mtu lakini chakula kinaonekana kibaya, samaki anakua kama amepigwa picha kwa polisi. Iliyoshinda ni ile ya kaharabu, kama mwanga wa taa ya chemni: nyekundu 255, kijani 100, bluu sufuri kabisa. Wadudu wengi wanaona sana upande wa bluu na ule mwanga usioonekana na sisi, upande wa machungwa ni kama hauko kwao. Walikuja bado, usidanganywe, lakini ni wale wa kupotea njia, si kanisa zima.

Faida ambayo sikuipangia: ukitoa bluu na kupunguza mwanga hadi kama nusu, mikanda yote miwili inakula kama wati 50. Masaa 5 ni robo ya yuniti ya tokeni.

Shemeji amekataa kaharabu. Anasema hiyo si rangi ya timu yoyote.

Alhamisi, 20 Machi: harufu ya siki

Mvua imeanza. Kaunta iko ndani ya paa kwa hivyo haina shida. Banda, mita 3 za mwisho zimekufa.

Nilishuka na mkanda nikaukatia mezani. IP65 kumbe ni silikoni imemwagwa juu tu, na ukiukata, ile sehemu uliyokata iko wazi. Nilikua nimeziba na silikoni yangu ya 350. Lakini maji hayakua shida kubwa. Nilipoichambua na kisu, chini ya ile silikoni, mahali pakavu kabisa ambapo mvua haijawahi kufika, shaba ya mkanda ilikua imegeuka kijani na waya niliyolehemu ikatoka yenyewe kama jino la mtoto. Na ile harufu. Silikoni ya bafu ya bei ya chini inanuka siki ikikauka, na inanuka siki juu inatoa asidi ile ile ya siki, na asidi inakula shaba. Kwa hivyo mimi mwenyewe ndio nilikua nimefungia sumu ndani nikaziba vizuri isitoke.

Tumia ile isiyonuka siki, kwa chupa wameandika "neutral". Niliinunua 650. Pia nimebadilisha mkanda wa banda nikanunua wa IP67, ule ulio ndani ya mrija, 3,600, na mipira ya kubana viungio kwa moto 300. Kila kiungio: lehemu, silikoni kidogo, mpira juu, na waya inashuka chini kwanza kabla ya kupanda kuingia kwa boksi ili tone lidondoke pale chini lisifuate waya ndani. Glandi zote ziangalie chini.

Mkanda wa zamani nimekata mita moja na nusu iliyo nzima nikaweka kando. Jumla 23,750.

Jumapili, 13 Aprili: mjusi

Jana RCD ilianguka saa moja na nusu watu wakiwa wengi. Ukiinua inaanguka. Nilichomoa kimoja kimoja hadi nikafika pawa saplai kubwa ya kaunta. Nikazima laini yote, nikafungua kifuniko. Mjusi. Amelala pale waya za 240V zinaingia, mkia huku kichwa kule, amekauka kama omena. Aliingia kutafuta joto na wadudu, akapata yote mawili.

Hizi pawa saplai za chuma zina matundu kila upande kwa sababu ya kupoa, hazikuumbwa kwa nje. Boksi langu lilikua na tundu moja kubwa nililoacha "kwa hewa", uvivu tu. Mpya 2,600, na wavu wa mbu wa waya 150 nimeubandika kwa matundu ya hewa yote. Jumla 26,500. Na huyo RCD alifanya kazi aliyolipiwa.

Jumatano, 30 Aprili: bluu inapata kazi

Mwezi umeandama tena, wadudu wako juu. Safari hii tulikua tayari.

Ile mita moja na nusu iliyobaki nimeifunga kwa nguzo ya ua wa zamani, kama mita 15 kutoka meza ya mwisho, upande wa maji. Bodi ya tatu 950, cha kushusha volti 250, umeme ni ile adapta ya 12V ya ruta iliyokufa, ampea 1, inatosha kabisa juu mkanda mfupi ukiwa bluu peke yake haifiki hata ampea moja. Usiweke nyeupe hapo, itashindwa. Hii bodi sijaiweka alama ya kupokea, inakaa bluu peke yake kila siku. Kama ungekua na meza huko karibu hii haifai, utakua umewaita wageni kwa meza ya jirani. Jumla 27,700.

Jana usiku meza ziko kaharabu, nguzo iko bluu. Ile nguzo ilivaa koti. Kwa meza walianguka wachache, dada alifunika tu jagi la juisi.

Shemeji alitoka na kiti chake akakaa katikati ya hapo na pale akaangalia ile nguzo muda mrefu. "Si uliona," akaniambia, "Ingwe ndio inavuta watu." Sikumjibu.

Asubuhi nimepita kuangalia kama kiungio kimeingia maji. Chini ya nguzo kulikua na rundo la wadudu kama majani ya chai yaliyomwagwa, na kuku watano wa jirani ambao hawajawahi kuvuka ule ua.